TAHARIRI: Akina mama wa majiko hawahitaji semina nyingine, wanahitaji wateja

Hii picha umeshaiona. Akina mama kumi na tano hivi wamejipanga kwa leso za sare, mbele yao majiko ya udongo yamepangwa mstari kama vikombe vya ligi, na katikati amesimama mgeni wa heshima akiwa ameinua jiko moja juu. Nyuma yao kuna bango la wafadhili. Hotuba zinatolewa, soda zinanywewa, wimbo unaimbwa. Kisha magari yanaondoka, vumbi linatulia, na majiko yanabaki pale pale yalipokuwa.

Sisi tunasema picha hizo zimetosha. Kwa takriban miaka arobaini nchi hii imekuwa ikiwafunza akina mama wa mashinani kutengeneza majiko yanayotumia kuni kidogo. Ujuzi upo. Udongo upo. Anayekosekana ni mtu wa kununua, alipe kwa wakati, halafu arudi kununua tena. Kaunti, shule, wafadhili na hata sisi vijana wa mjini tukilirekebisha jambo hilo moja, kikundi cha akina mama kitakuwa biashara. Tusipolirekebisha, kitabaki kuwa pambo la sherehe.

Tuchukue Mahoo. Kwa wale hawajafika, Mahoo ni wadi katika kaunti ndogo ya Taveta, Kaunti ya Taita Taveta, kule karibu kabisa na mpaka wa Tanzania, ambako Kilimanjaro huonekana asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Kutoka Voi ni zaidi ya kilomita mia moja ukipitia Mwatate, na sehemu ya safari inakupitisha ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi. Kama unaishi Mombasa, huenda ndizi uliyokula wiki jana ilitoka upande huo. Ni nchi ya ndizi, nyanya na mahindi. Mtu wa mjini akiona ule ukijani anaweza kudhani kuni si tatizo huko.

Lakini angalia ramani. Takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta ni mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi. Kilichobaki kimegawanywa kati ya ranchi, mashamba makubwa ya mkonge, misitu ya milimani na mashamba madogo ya wananchi. Taveta yenyewe imejulikana kwa miaka mingi kwa kilio cha maskwota, watu wanaoishi na kulima kwenye ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine. Kuingia mbugani kuokota kuni ni kosa. Kuingia kwenye ranchi ya wenyewe ni kosa. Shamba lako la robo ekari umelipanda mahindi na migomba, hakuna nafasi ya msitu. Sasa mama atoe kuni wapi?

Anatoa kwenye vichaka vilivyobaki, na hapo kuna mwenyewe mwingine. Eneo la Tsavo ndilo lenye ndovu wengi zaidi nchini, na ndovu hasomi bango la mpaka. Wakaazi wa kaunti hii wamelia kuhusu ndovu miaka nenda miaka rudi: mimea inaliwa, matangi ya maji yanavunjwa, watu wanajeruhiwa na kuuawa. Huko Sagalla, karibu na Voi, wakulima wamefikia hatua ya kuzungushia mashamba yao mizinga ya nyuki ili ndovu waogope kukaribia. Mwanamke anayeinama kichakani alfajiri kukata matawi makavu hana mzinga wala ua. Kila safari anayopunguziwa kwenda huko ni safari moja ya hatari aliyoepushwa. Tunapozungumza kuhusu jiko linalookoa kuni, tunaanzia hapo, kabla hata hatujafika kwa mambo ya tabianchi.

Jiko lenyewe linafanya nini? Mafiga matatu tuliyokulia nayo yana sifa zake. Hayana gharama, yanabeba sufuria ya saizi yoyote, na usiku yanawaka kama taa. Ubaya wake ni kwamba moto uko wazi. Sehemu kubwa ya joto inaenda pembeni na hewani, upepo ukivuma ndimi za moto zinahama, na kuni zinaungua bila kuiva kitu. Jiko la udongo linauzingira moto huo. Ndani kuna kauri ya mviringo iliyochomwa, yenye mdomo mmoja wa kuingizia kuni, na juu kuna vishikio vya sufuria. Joto linabanwa na kuelekezwa kwenye sufuria. Likijengwa vizuri na likitumiwa vizuri, linapunguza kuni kwa takriban thuluthi moja, na wakati mwingine hadi nusu.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme nyumba moja inamaliza mizigo mitatu ya kuni kwa wiki. Jiko likipunguza thuluthi moja tu, huo ni mzigo mmoja kila wiki, mizigo 52 kwa mwaka. Kama kila mzigo ni saa tatu za kutembea, kukata na kubeba, mama huyo amepata saa 156 kwa mwaka. Hizo ni karibu wiki tatu za kazi ya saa nane kwa siku, bila kupumzika. Na kama kuni ananunua, zidisha mizigo 52 kwa bei ya kuni ya kijijini kwenu uone karo ya nani ilikuwa inateketea jikoni.

Sasa tunajua swali lenu, kwa sababu kijana wa Nairobi au Mombasa huliuliza kwanza: si wanunue gesi tu? Mbona tunarudisha watu kwa kuni mwaka huu?

Swali ni la haki. Gesi ni safi kuliko kuni, na kama kila nyumba ya Mahoo ingeweza kuimudu mwezi baada ya mwezi, tahariri hii isingekuwa na kazi. Lakini sensa ya 2019 ilionyesha kuwa asilimia 55.1 ya nyumba za Kenya hupika kwa kuni hasa, na asilimia 23.9 pekee kwa gesi. Gesi imejaa mijini. Mashambani kuni ndizo mfalme. Mtungi mdogo wa kilo sita unajazwa kwa elfu moja na ushei, pesa taslimu, zote kwa mpigo. Mtu wa kibarua anapata pesa kidogo kidogo, na ananunua unga, mafuta na sukari kwa kipimo hicho hicho. Na bei ya gesi haitabiriki: Julai 2021 serikali iliirudishia kodi ya VAT ya asilimia 16, na nyumba nyingi zikaiona mitungi yao ikikaa mitupu kwenye kona. Kodi hiyo ilipunguzwa na kisha kuondolewa baadaye, lakini somo lilibaki. Anayetegemea gesi peke yake anategemea Bunge na soko la dunia. Hata mwenye mtungi huutumia kwa chai na mayai, halafu akitaka kuchemsha maharagwe kwa saa tatu, anarudi kwa kuni.

Kwa hivyo gesi ije, tena ije haraka. Serikali imejiwekea lengo la kila Mkenya kupikia nishati safi ifikapo 2028. Hata hivyo, kati ya leo na siku hiyo kuna vyakula vingi vya kupikwa, na ni mama wa Mahoo anayevipika. Jiko bora la kuni ni daraja. Daraja si mwisho wa safari, ila ukilikataa utaogelea.

Katika hili Kenya haihitaji kwenda kuomba mfano ng'ambo. Lile jiko la makaa lenye bati nje na kauri ndani, ambalo karibu kila mmoja wetu amewahi kulipuliza, lilibuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuchukua wazo la jiko la ndoo kutoka Thailand na kulirekebisha hapa kwetu. Wabunifu walishirikiana na mafundi wa jua kali wa Nairobi, wakalijaribu kwa wapishi halisi, wakasikiza malalamiko, wakabadilisha umbo. Halikugawiwa bure mlango kwa mlango. Liliuzwa. Fundi alipata faida, muuzaji akapata yake, na mnunuzi akaokoa makaa. Ndiyo maana likaenea Kenya nzima na kuvuka hadi nchi jirani.

Kwa kuni kulikuwa na ndugu yake. Katikati ya miaka ya 1980, mradi ulioshirikisha Wizara ya Kawi, shirika la Ujerumani la GTZ na Maendeleo ya Wanawake ulitoa jiko la kauri linalojengewa kwa udongo ndani ya jikoni. Wengine huliita jiko la Maendeleo, wengine Upesi, wengine jiko kisasa. Magharibi mwa Kenya akina mama ndio waliolibeba. Kikundi cha Keyo, karibu na Kisumu, ni mmojawapo wa mifano inayojulikana: wanawake waliokuwa tayari wafinyanzi wa vyungu walijifunza kutumia kalibu ili kila kauri itoke kwa kipimo kimoja, wakachoma kwa tanuri, wakauza. Kilichowasaidia haikuwa semina tu. Walisaidiwa pia kupiga hesabu za gharama, kupanga bei na kuwafikia wauzaji wa masoko ya mbali. Ujuzi wa mikono uliunganishwa na njia ya sokoni.

Hapo ndipo miradi mingi ya leo inapovunjika. Kazi ya kufinyanga ni ngumu kuliko inavyoonekana pichani. Udongo unachimbwa, unasafishwa mawe, unachanganywa na mchanga kwa kipimo, unakandwa, unapigwa ndani ya kalibu, kisha unaanikwa kivulini polepole, siku nyingi. Ukiharakisha kwa jua kali unapasuka. Ukiingiza tanurini ukiwa na unyevu, unalipuka na kuharibu na wenzake. Na tanuri lenyewe linakula kuni. Kikundi kinaweka mtaji wa wiki kadhaa ndani ya udongo kabla ya kuona hata shilingi moja. Sasa kauri mia moja zikikaa ghalani miezi minne bila mnunuzi, nani atarudi kukanda udongo? Mwanamke mwenye shamba, watoto na mama mkwe wa kutunza hana anasa ya kufanya kazi ya kupigwa picha.

Wakati mwingine msaada wenyewe ndio unaoua soko. Fikiria kikundi kinauza jiko kwa bei ya kujikimu. Inakuja lori la mradi na kugawa majiko ya kiwandani bure au kwa bei ya kutupa, kwa sababu mradi utalipwa kwa njia ya mikopo ya kaboni. Wananchi wanapokea, nani akatae cha bure? Baada ya mwaka mmoja jiko limeharibika, mradi umehamia kaunti nyingine, na kikundi kilichokuwa karibu cha kulitengeneza kilishafungwa. Kijiji kinarudi kwa mafiga matatu.

Hatupingi biashara ya kaboni. Taita Taveta inaijua vizuri kuliko kaunti nyingi: mradi wa Kasigau, katikati ya mbuga mbili za Tsavo, ulikuwa wa kwanza duniani kutoa mikopo ya kaboni ya kuhifadhi misitu chini ya kiwango cha VCS, mwaka wa 2011. Lakini hesabu za majiko zinahitaji macho manne. Januari 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha utafiti katika jarida la Nature Sustainability wakionyesha kuwa miradi ya majiko waliyoichunguza ilidai kuokoa hewa chafu takriban mara tisa zaidi ya ilivyostahili. Sababu moja ni rahisi kuielewa: kugawa jiko si sawa na jiko kutumiwa. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ilifanyiwa marekebisho 2023 ili jamii zipate mgao wao katika miradi ya kaboni. Mama anayelitumia jiko kila siku, na aliyelifinyanga, wana haki ya kujua kaboni yao iliuzwa kwa nani na kwa pesa ngapi. Asipojua, hiyo si biashara. Ni kuvuna jasho la mwenzako.

Tuwe wakweli pia kuhusu moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya ndani ya nyumba, nyingi ikitokana na kupika, ilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Jiko bora la kuni linapunguza moshi, lakini haliumalizi. Nchini Malawi, utafiti mkubwa wa watoto zaidi ya 10,000 ulibaini kuwa kuzipa familia majiko bora ya kuni hakukupunguza nimonia kwa watoto wadogo ikilinganishwa na familia zilizopikia moto wa wazi. Kwa hivyo anayeuza jiko hili kama dawa ya mapafu anadanganya. Aliuze kwa kile linachofanya kweli: kuni kidogo, muda mfupi, pesa zinazobaki mfukoni. Halafu aongeze ushauri wa maana: weka dirisha, inua paa la jikoni, tumia kuni kavu, mtoto asibebwe mgongoni wakati wa kupuliza moto.

Basi tunataka nini kifanyike? Mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji tume.

Kwanza, kaunti inunue. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 imetenga asilimia 30 ya zabuni kwa wanawake, vijana na watu wanaoishi na ulemavu. Kaunti ya Taita Taveta ina vituo vya chekechea na vyuo vya ufundi. Kuna pia shule za msingi na sekondari za serikali ya kitaifa ambazo bado zinapika kwa kuni. Badala ya kuwaita akina mama waje kuonyesha majiko kwenye hema, mpe mwenyekiti wao oda iliyoandikwa: majiko kiasi hiki, ya kipimo hiki, kufikia tarehe hii. Kisha, na hili tunalisisitiza, mlipe ndani ya siku thelathini. Kikundi cha kijijini hakina tumbo la kusubiri malipo miaka miwili kama kontrakta wa barabara. Oda inayocheleweshwa malipo ni mbaya kuliko kukosa oda, kwa maana inawaachia deni.

Pili, wafadhili walipie matokeo. Wangari Maathai alituonyesha njia tangu 1977. Vuguvugu lake la Green Belt halikuwalipa akina mama kwa kuhudhuria mkutano. Liliwapa pesa kidogo kwa kila mche uliopandwa na ukashika. Tufanye hivyo hivyo kwa majiko. Mradi ulipe sehemu ya pesa jiko linapojengwa, na sehemu nyingine baada ya miezi sita, likikutwa lina majivu ya jana. Hapo kikundi kitakuwa na sababu ya kurudi kwa mteja, kuziba ufa na kumfundisha kupasua kuni nyembamba. Na mfadhili atapata ukweli, si orodha ya majina ya waliosaini kupata nauli.

Tatu, mkopo ufuate oda. Hazina ya Wanawake ipo tangu 2007. Uwezo ipo. Hustler Fund ina mikopo ya vikundi tangu 2023. Tatizo la mfinyanzi si kwamba hakuna mahali pa kukopa. Ni kwamba anakopa bila mnunuzi, kisha analipa deni kwa kuuza kuku. Oda ya kaunti au ya shule ikitambuliwa kama dhamana, mkopo utaenda kununua kalibu na kujenga tanuri lisilokula kuni nyingi, na utalipika.

Nne, ubora upimwe karibu na watu. Shirika la viwango, KEBS, lina kiwango cha majiko ya kuni na makaa, lakini kwa kikundi cha Mahoo, safari ya kupeleka jiko Nairobi kupimwa ni gharama ya mwezi mzima. Hapo hapo katika kaunti kuna Chuo Kikuu cha Taita Taveta ambacho sifa yake kubwa ni uhandisi wa madini. Udongo ni madini. Wanafunzi wanaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho wanaweza kupima udongo wa Mahoo unavumilia joto kiasi gani, mchanga uwekwe kipimo gani, na maji ya sufuria moja yanachemka kwa gramu ngapi za kuni. Hiyo ni kazi ya digrii yenye faida kwa jirani.

Na hapa tunakugeukia wewe, msomaji. Pengine ulikuwa unafikiri haya ni mambo ya akina mama wa kijijini na serikali. Hapana. Wengi wetu tulisomeshwa na moshi huo. Kila Desemba tunapanda basi na SGR kwenda nyumbani, tunakaa siku kumi, tunasema jikoni kwa nyanya kunawasha macho, halafu tunarudi mjini na picha za Kilimanjaro.

Una simu, una bando, unajua kupiga picha inayouza. Kikundi cha akina mama kina bidhaa nzuri na hakina hata ukurasa mmoja wa kuonyesha bei. Kukiandalia ukurasa, kuandika bei wazi, kupokea oda na kulipwa kamisheni ya haki ni kazi, si hisani. Tumeona vikapu vya mkonge vya akina mama wa Taita vikifika maduka ya watalii na hata ng'ambo kwa sababu kuna mtu aliunganisha msukaji na mnunuzi. Jiko ni zito kuliko kikapu na linavunjika, kwa hivyo soko lake liko karibu: Taveta, Mwatate, Voi, Maungu. Mwenye bodaboda anayejua kufunga kauri kwa nyasi kavu zisivunjike ana biashara. Fundi kijana anayejua kulijenga jiko jikoni kwa mteja ana biashara pia, kwa sababu kauri nzuri ikijengewa vibaya inafanya kazi kama mafiga tu.

Ila kuna onyo. Mkija kusaidia, msije kupora. Tunajua hadithi ya kikundi cha akina mama ambacho katibu wake ni mwanamume, mweka hazina ni mpwa wake, na akina mama wenyewe wanaitwa siku ya kutia sahihi tu. Pesa zikianza kuonekana, wajanja huongezeka. Kijana atakayeingia aingie kama wakala au mfanyakazi wa kikundi, mkataba uandikwe, akaunti ya benki na namba ya simu ya malipo vibaki kwa akina mama. Mkutano wa hesabu ufanyike hadharani kila mwezi, hata kama ni chini ya mwembe.

Pia kuna jambo ambalo halina bajeti. Kaunti sasa zina kamati za mabadiliko ya tabianchi hadi ngazi ya wadi, na makadirio ya bajeti hupelekwa kwa wananchi watoe maoni. Vikao hivyo mara nyingi hujaa wazee na wanasiasa. Kijana mmoja akisimama kuuliza, "Mwaka jana wadi hii ilinunua majiko mangapi kutoka kwa vikundi vyetu, na yamelipwa?" ataleta mabadiliko kuliko mabango mia. Swali la namba haliogopi mtu.

Mwezi Mei 2024, viongozi na makampuni walikutana Paris kuzungumzia upishi safi barani Afrika na kuahidi dola bilioni 2.2. Ni pesa nyingi. Tunazitakia mema. Lakini kipimo chetu hakitakuwa Paris wala Nairobi. Kitakuwa kwa mwanamke mmoja wa Mahoo ambaye leo ana kauri ishirini zilizokauka kivulini na anajiuliza kama awashe tanuri au aende kulimia watu vibarua. Anayetaka kumsaidia aanze kwa kumuuliza bei.